Mwaka 1589: tukio kubwa la dunia lilikuwa Paris au Mombasa?

MkaaKibokoni
Wakuu, leo nimepandwa na hasira za kihistoria. Kijana wangu wa kidato cha pili kaletewa kazi: ataje matukio makuu ya dunia ya mwaka 1589. Majibu ya darasani ni haya: mtawa kamchoma kisu Henry wa 3 wa Ufaransa, Drake na Waingereza wake wameshindwa kuiteka Lisbon, Moscow wamepata patriaki wao wa kwanza, na William Lee kaunda mashine ya kufuma soksi. Soksi zimeingia, Mombasa haimo.

Machi mwaka huohuo Tomé de Sousa Coutinho, jemadari wa Kireno, alifika kutoka Goa, makao yao huko India, na merikebu kama 20. Akamkuta Mir Ali Bey, Mturuki, ametia ngome na mizinga kisiwani, na ng'ambo ya Makupa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliopanda kutoka Zambezi. Mji ukabanwa huku na huku mpaka watu wakajitupa baharini. 1593 Mreno akaanza kujenga Fort Jesus, na ukiondoa kipindi kifupi cha 1631, hakung'oka mpaka 1698. Hilo ndilo tukio. Paris walibadilisha mfalme tu.

Na yote hayo mzizi wake ni Malindi kumbeba Mreno mgongoni tangu 1498, lakini hilo tuliache.

MzeeWaGanda
Hatuliachi. Umelitaja kusudi kisha wasema tuliache? Malindi ilikuwa na mfalme wake, bandari yake na adui wake, na adui wake alikuwa Mombasa. Mreno alipotia nanga, sisi tukafanya alichofanya kila mfalme duniani, tukatafuta mwenye mizinga. Nyinyi mwaka 1589 mlifanya nini? Si hilohilo, ila wenu alikuwa Mturuki?

FundiSaa
Mada ilikuwa nzuri, nirudishe kidogo. Kusema Paris "walibadilisha mfalme tu" ni kutojua. Catherine de Medici alifariki Januari 1589. Agosti mwanawe Henry akachomwa kisu pale Saint-Cloud na Jacques Clément, mtawa wa Kidominiko, na nasaba ya Valois ikaishia hapo. Aliyefuata ni Henry wa Navarre, Mprotestanti, katika nchi ambayo Paris yake imeshikwa na Wakatoliki wakali wasiotaka hata kumsikia. Ilibidi abadilishe dini 1593 ndipo wamfungulie mlango. Hapo unazungumzia vita vya dini vya miongo. Mombasa ulikuwa mji mmoja.

MkaaKibokoni
"Mji mmoja." Na Paris ilikuwa mingapi?

KaraniWaZamani
Naomba niweke jambo moja ambalo naona linapitwa. Karibu yote tunayoyajua kuhusu siku zile za Mombasa yametoka kwa João dos Santos, naye mtawa wa Kidominiko, aliyekuwa pande za Sofala na Msumbiji, kitabu chake kikatoka 1609. Na huyohuyo anasema mkuu wa Wazimba alituma ujumbe kwa Coutinho kuomba aingie kisiwani amalizie, na Coutinho akakubali. Yaani wenyewe wanakiri kwamba mlango waliufungua wao. Sasa swali: waliouawa pale wahesabiwe kwa Wazimba au kwa Ureno?

Kilwa_Kisiwani
Nyie wa kaskazini mna tabia ya kuanza hadithi inapowafikia nyie. Wazimba walifika Kilwa 1587, na huyo mtawa mwenu anasema waliua watu 3,000 na kuwala, mji ukaingiwa usiku kwa sababu msaliti mmoja aliwaonyesha njia. Kilwa iliyokuwa na dhahabu ya Sofala na msikiti wa mawe! Hakuna aliyefungua mada.

MzeeWaGanda
Pole, mkuu wa Kilwa. Huyo msaliti hakutoka Malindi, andikeni hilo kabla Kibokoni hajatuongezea.

MkaaKibokoni
Mzee wangu, heshima yako iko palepale, lakini ukweli ni ukweli. Mreno aliichoma Mombasa 1505, akarudi na Nuno da Cunha 1528, akarudi tena 1587. Mara zote hizo Malindi imo upande wa mchomaji. Mpaka leo nguzo ya Vasco da Gama iko pale kwenu mwailipisha watalii kuiangalia.

MzeeWaGanda
Na Fort Jesus nyinyi mwaifanyia nini, mwaanikia nguo?

BintiShela
😂😂 Mzee kaua. Ila na sisi wa visiwa tusisahauliwe. Mombasa waliona moto, Faza, mji wa kisiwa cha Pate, 1587 hawakubakishiwa kitu na Wareno: watu, wanyama, hata minazi ilikatwa. Na mfalme wa Lamu alikatwa kichwa Pate mbele za watu baada ya hayo ya Mombasa, kwa kosa la kumtoa Roque de Brito, Mreno, kwa Mir Ali Bey. Kwa hiyo ukisema "Mombasa ilibanwa huku na huku" sawa, lakini bili ya karamu ile tuliilipa sote.

FundiSaa
Dada, hayo ni kweli, lakini swali ni tukio kubwa la *dunia*. Kifo cha Henry wa 4 kilibadilisha Ulaya nzima.

KaraniWaZamani
Aliyekufa 1589 ni wa 3. Wa 4 naye aliuawa kwa kisu, ila 1610, na Ravaillac.

FundiSaa
Mfalme ni mfalme. Hoja inasimama.

Nipo_Maskati
Hoja ya nani mkubwa haina haja ya kugombania, maana bwana wao wote alikuwa mmoja. Tangu 1580 Ureno ilikuwa chini ya Philip wa 2 wa Uhispania. Huyohuyo ndiye aliyepeleka Armada Uingereza 1588 ikavunjikia kwenye dhoruba, ndiye aliyewapa pesa Wakatoliki wa Ufaransa wampinge Henry wa Navarre, na ndiye mwenye Goa ilikotoka meli za Coutinho. Machi jeshi lake liko Mombasa, Mei na Juni Waingereza wako Lisbon na Dom António, Mreno aliyedai ufalme wa Ureno, wakitaka kumrudishia kiti, wakafa kwa maradhi kwa maelfu wakarudi mikono mitupu. Ni vita kimoja, bandari tofauti.

MkaaKibokoni
Huyu ndiye mtu wa maana katika mada hii. Na Mir Ali Bey alikuwa akipigana na mfalme huyohuyo. Kwa hiyo alikuwa mkombozi.

Nipo_Maskati
Hilo sikulisema.

Kilwa_Kisiwani
Mkombozi gani? 1586 alikuja na chombo kimoja kutoka Yemen, akapita miji akikusanya mali na mateka Wareno, akaondoka nazo. Aliyebaki kuchomwa ni mwenyeji. Miaka miwili baadaye karudi na vyombo vitano. Istanbul yenyewe mwaka 1589 askari wake waliasi kwa kulipwa fedha iliyochanganywa shaba, wakadai kichwa cha mkubwa mmoja na wakapewa. Dola ambayo mishahara ya ikulu imeishinda ndiyo ingeilinda Mombasa?

MkaaKibokoni
Wewe kaa na Wazimba wako.

Kilwa_Kisiwani
Wazimba WANGU? Mkuu, chunga mdomo. Nimetaja 3,000 waliouawa kwetu halafu unaniletea masihara?

BintiShela
Jamani, punguzeni moto.

LubumbashiKwetu
Mie nauliza kuhusu hii ya kula watu. Huku kwetu upande wa Kongo, Wareno walisema maneno yaleyale juu ya Wajaga walioingia ufalme wa Kongo 1568. Kila mara mtu mweusi akishinda vita, anaandikwa kuwa alikula aliowashinda. Munaamini kweli?

MzeeWaGanda
Ndugu wa Lubumbashi, hapo nakuunga mkono kabisa. Na Fundi wetu mpenda Paris atuambie: 1590, Henry wake alipoizingira Paris, inasimuliwa kwamba watu walisaga mifupa ya makaburini wakafanya unga wa mkate. Hao nao tuwaite Wazimba?

FundiSaa
Hiyo ilikuwa njaa ya mzingiro, mzee. Si sawa.

MzeeWaGanda
Ah. Mfaransa akila maiti ni njaa, wa Zambezi ni tabia.

FundiSaa
Sijasema hivyo. Mnaniwekea maneno mdomoni kwa sababu hamna la kujibu kuhusu Valois.

Mwanafunzi_wa_Jana
Kuna wanaosema hao Wazimba hawakuwa hata kundi moja lililotembea Zambezi mpaka Malindi. Walikuwa watu wa upande wa Wamaravi, wa pande za Malawi ya leo, walioanza fujo huko chini, kisha jina likabandikwa kwa kila kundi lililovamia mji. Kutoka Zambezi mpaka Malindi kwa miguu, jeshi la maelfu, linakula nini njiani?

Kilwa_Kisiwani
Wewe nawe umeshaambiwa wanakula nini 😂

KaraniWaZamani
Nauliza tena. Coutinho aliposema "ingieni", ni nani aliyeua Mombasa?

KijanaWaMkinga
Naona mada ya 1589 imepita mikono yote na hakuna aliyetaja waliomaliza kazi. Wazimba baada ya Mombasa walikwenda Malindi. Malindi ina Wareno kama 30 na kapteni wao Mateus Mendes de Vasconcelos. Nani aliyewavunja Wazimba pale? Wasegeju. Mtawa wenu mwenyewe anaandika 3,000. Walitokea nyuma, Wazimba wakafa karibu wote. Bila Msegeju, mzee wa Ganda leo usingekuwa na Ganda ya kujisifia.

MzeeWaGanda
Hilo silipingi. Wasegeju walikuwa marafiki zetu, na rafiki alikuja siku ya shida. Mombasa wao rafiki yao Mturuki aliokotwa majini na Wareno, akapelekwa Goa na baadaye Lisbon, na inasemekana huko akabatizwa.

MkaaKibokoni
Mateka akibatizwa gerezani hiyo ni hoja? Mtu mzima na mvi zako unacheka mateka?

MzeeWaGanda
Sicheki mateka. Nacheka aliyemwita mkombozi.

BintiShela
Baba, naye Mfalme Henry wa Navarre alibadilisha dini apate Paris, na hapo juu mmemhesabu shujaa. Mir Ali Bey kabadilisha akiwa kwenye minyororo. Mbona mizani yenu ina jiwe upande mmoja?

FundiSaa
Angalau mtu mmoja karudi Ufaransa.

Nipo_Maskati
Dada wa Shela kasema. Mimi nadhani kijana wa Kibokoni aandike hivi: 1589 mfalme mmoja wa Uhispania alikuwa anapigana Lisbon, Paris na Mombasa, na mahali aliposhinda wazi ni Lisbon na Mombasa.

Kilwa_Kisiwani
Alishinda nani? Coutinho alikuta mji, akaacha majivu. Wazimba ndio walioshinda.

KaraniWaZamani
Basi tuko kwenye swali langu.

KijanaWaMkinga
Swali lako subiri. Nyongeza kwa wote: kama 1592 Wasegeju walikwenda Mombasa wakaitwaa, wakamkabidhi mfalme wa Malindi, naye akahamia huko na kutawala. Fort Jesus ilipoanza kujengwa, kisiwa kilikuwa tayari cha mfalme wa Malindi.

MkaaKibokoni
Ndiyo maana nikasema mzizi ni Malindi! Mmeona sasa? Mji wameuangusha, kisha wakaupangisha kwa Mreno.

MzeeWaGanda
Polepole, bwana. Shujaa wenu mkubwa Mombasa ni nani? Yusuf bin Hasan, aliyeingia Fort Jesus 1631 akamuua kapteni wa Mreno na kuuondoa ukoloni mji mzima. Mwamsifu mchana na usiku. Huyo ni ukoo gani?

KijanaWaMkinga
Uh-oh.

BintiShela
Naleta kahawa 😂

MkaaKibokoni
Yusuf alipigana Mombasa, akatawala Mombasa, ni wa Mombasa.

MzeeWaGanda
Nimeuliza ukoo.

MkaaKibokoni
Hayo ya koo ni mambo ya kugawanya watu. Ya 1631 nitayafungulia mada yake, mtu aje na adabu yake.

MzeeWaGanda
Ukoo wa Malindi. Naandika ili wapitao wasome.

FundiSaa
Kwa hiyo kuhusu Paris hakuna anayepinga?

KijanaWaMkinga
Hiyo mada ya 1631 Wasegeju wa 1592 muwaweke kwenye kichwa cha habari, msije mkatutupa tena kwenye maoni ya chini.