Re: Jioni ya sinema kwa wazee wetu, tunaanzia wapi? Na nani anaikumbuka Drive-In ya Dar, ile sinema ya kutazama ukiwa garini?

Kutoka: Leicester

Jamani wadau asalaam aleikum,

Naomba msaada wenu kwa jambo limenikaa kichwani mwezi mzima. Baba mkwe wangu anaishi na sisi huku tangu mama alipofariki, ana miaka 84, mwili mzima lakini kumpata neno ni kazi, anakaa dirishani anaangalia mvua, jua likizama saa kumi jioni na yeye anaingia kulala. Juzi mwanangu wa pili anatafuta kitu kwenye laptop ikatokea picha ya zamani ya mtaa wa Zanaki pale Dar ilipokuwa sinema ya Avalon, mzee akanyanyuka mwenyewe bila fimbo akasema "Hapa ndo nilikuwa naegesha baiskeli." Baiskeli gani baba? Kumbe ujana wake alikuwa anabeba rili, yale magurudumu ya mkanda wa filamu, toka sinema moja kwenda nyingine! Nimeolewa nyumba hii miaka 31 sijawahi kulisikia hilo, na mume wangu naye hakuwahi.

Kwa mliozaliwa juzi, filamu inakuja kopi moja na sinema mbili za mjini zimeshabandika matangazo siku hiyohiyo, kwa hiyo hawa wanaanza mapema wale wanachelewa kidogo, rili ikiisha hapa inafungwa kwenye kopo lake la bati, inapakiwa kwenye keria, mbio mpaka kule, unashusha unabeba ile nyingine unarudi. Anasema akikutana na mkokoteni umeziba njia basi akifika anakuta miluzi mpaka nje na watu wanapigapiga viti, stelingi kaachwa kaning'inia na taa zimewashwa.

Usiku ule hakulala saa kumi na moja. Alichukua bahasha ya barua ya hospitali akaanza kuchora, Avalon hapa, Empress pale Samora, Odeon, Cameo, New Chox, Amana kule Ilala, na mishale ya njia alizokuwa anapita. Bahasha nimeiweka kwenye fremu.

Sasa nataka tukusanye wazee wa rika lake tuwaonyeshe picha moja ya Kihindi ya enzi za Raj Kapoor na Nargis, tena ukumbini, kwenye skrini kubwa, sio kwenye simu ya mjukuu. Je kuna kibali? Naanzia kwa nani?


Kutoka: Reading

Shemeji salaam, mpe mzee shikamoo yangu.

Nimeshafanya hii kitu mara mbili. Mambo ni mawili na watu huyachanganya. Moja ni leseni ya halmashauri. Tangu Aprili 2015, kwa England na Wales, kama unaonyesha filamu kwenye ukumbi wa jamii, sio kwa faida, kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, watu hawazidi 500 na mwenye ukumbi kakubali, leseni ile huihitaji. Mwombe akuandikie hata kama ni imeili ya mistari miwili. Na watoto wasiingie kwenye picha isiyo ya umri wao, hilo nalo ni sharti. Walio Scotland waulize kwao, taratibu si zilezile.

La pili ndo linawaangusha watu. Haki ya mwenye filamu iko palepale, DVD uliyonunua dukani ni ya nyumbani kwako, na hiyo unayolipia kila mwezi ya intaneti nayo ni ya nyumbani kwako, ukiipeleka ukumbini ni kosa hata kama hakuna aliyelipa senti. Kuna makampuni yanatoa leseni za kuonyesha hadharani, ila picha za Kihindi za zamani mara nyingi inabidi umtafute msambazaji mwenyewe, na majibu yanachukua wiki. Mara ya kwanza nilianza siku kumi kabla, tukaahirisha, wazee wameshapiga pasi nguo zao. Iliniuma sana. Anza sasa hivi.

Mengine ni madogo ila yana uzito: fanyeni mchana, saa saba au saa nane, mzee hataki kutoka gizani na barafu. Ukumbi upashwe joto tangu asubuhi. Angalia choo kiko karibu na mlangoni hakuna ngazi. Sauti ijaribiwe mkiwa mmeshawaita watu wawili watatu wakae nyuma. Na lazima muweke intavo, yale mapumziko ya katikati ya picha, hata kama projekta ya siku hizi haihitaji, maana wazee wetu wanaongea intavo kuliko kitu kingine chochote.


Kutoka: Milton Keynes

Mwanangu wa Leicester, umenitoa machozi leo asubuhi na sijanywa hata chai.

Mimi wa Unguja. Sinema kwetu ilikuwa Majestic pale Vuga, Empire, na Sultana ambayo baada ya mapinduzi ya 1964 ikaitwa Cine Afrique. Nataka niseme neno moja kuhusu zanana maana wanaume hawawezi kuwasimulia. Lilikuwa onyesho la wanawake watupu. Mama yangu alikuwa mtu wa ndani, sokoni hatumwi, lakini zanana alikwenda, na siku hiyo nyumba nzima inanuka udi tangu adhuhuri. Wanakaa mashoga safu nzima, buibui zimelegezwa, Nargis akilia wanalia naye na kila mmoja analia lake, wakitoka wamepumua. Sasa mkifanya hiyo jioni yenu msisahau kina mama, muwape safu yao kama wakitaka, na kuwe na wasichana wa kuwarekodi wakisimulia, kwa ridhaa yao. Simu ikae karibu na mdomo wa msimuliaji, sio mwisho wa meza. Mimi ya mama yangu sikuirekodi.


Kutoka: Coventry

Shikamoo Bi Mkubwa, shikamooni wote mnaonizidi.

Mimi wa Ilala, rika la suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, la Bruce Lee. Tukitoka Amana usiku njia nzima ni mateke hewani, mtu anatua mtaroni. Tiketi zikiisha dirishani kuna walanguzi nje, na ndugu zangu msiwalaani sana, kuna aliyesomesha wadogo zake kwa tiketi zile.

Watu husema video ndo iliua sinema zetu. Video ilimalizia tu. 1971 serikali ilitaifisha majumba, jengo likawa la Msajili wa Majumba, yaani la serikali, na aliyelijenga akawa mpangaji mle ndani. Paa linavuja, nani atalitengeneza, wewe unayelipa kodi au yule anayeipokea? Halafu pesa za kigeni zikakosekana, vipuri vya projekta hakuna, picha mpya haziji, mnaona ileile imekatikakatika mpaka mnajua sehemu ya kufumba macho. Hapo ndo vibanda vya video vikaingia uani kwa watu, na televisheni nayo ikaanza bara 1994. Sinema ilikuwa imeshachoka zamani.

Drive-In inaniuma zaidi. Ilifunguliwa 1966, kule njia ya Msasani. Baba alikuwa dereva, bosi wake akimpa ruhusa tunapanda pikapu watoto tisa, mkeka, sufuria la wali, chai kwenye chupa, tunakuta familia za kila kabila na kila dini zimetandika hivyohivyo, Muhindi anakugongea kioo anakupa kachori unampa karanga. Jumapili ndo ilikuwa siku yenyewe ya picha za Kihindi. Kisha ikaja ile miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, sasa Drive-In bila gari utaendaje? Leo pale ni ubalozi wa Marekani, walihamia baada ya lile bomu la Agosti 1998, jengo likafunguliwa 2003. Nilipokwenda nyumbani mwaka juzi nilimwambia dereva wa Bajaji apunguze mwendo nitazame. Akaniuliza kuna nini hapo mzee. Nikamwonyesha skrini ilikuwa upande gani, nikakuta hata mimi sina uhakika tena.

Shemeji wa Leicester, ile bahasha ipige picha uitume hapa. Kila mmoja aongeze anachokijua.


Kutoka: Leicester

Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Bi Mkubwa safu ya kina mama itakuwepo, na binti yangu ndo atakaa na simu.

Ukumbi tumepata, Jumamosi mchana, mwenyewe kakubali kwa imeili. Msambazaji nimemwandikia, nasubiri, tarehe siitangazi mpaka ajibu. Bahasha nimeiambatanisha. Kaka wa Coventry, mzee ameiona meseji yako, anasema Drive-In skrini ilikuwa inatazama kinyume na unavyodhani, mpigie simu jioni atakueleza, siku hizi anapokea mwenyewe.

Naomba wenye magari wajitokeze kuwachukua wazee stesheni, na mtu mmoja wa kukaanga mihogo.

Nilimwambia baba tutamwekea kiti cha mbele kabisa kama mgeni rasmi. Kakataa. Anataka nyuma, karibu na projekta, asikie rili ikizunguka. Nikamweleza baba siku hizi hakuna rili, projekta haina mlio. Akanyamaza, halafu akasema basi yeye atakaa hapohapo.