Mlima Washington mwezi Mei: je, njia zimekwisha kukauka?

Mkazi wa Manchester
Ndugu zangu, salaam. Hapa Manchester, jimbo la New Hampshire, Marekani, theluji imekwisha, majani yamechipua, na watoto wanacheza nje bila makoti. Wikiendi ya pili ya Mei mimi na wenzangu watatu tunakusudia kuupanda Mlima Washington wa humu jimboni kwa njia ya bonde la Tuckerman Ravine, tukianzia chini, Pinkham Notch. Wawili kati yetu wamewahi kufika kilele cha Kilimanjaro, kwa hiyo mita 1,917 hazitutishi. Ninaloomba kujua ni hali ya njia: je, viatu vya kawaida vya kupandia vinatosha?

Mzee wa Conway
Ndugu, usiupime mlima kwa majani ya mtaani kwenu. Kutoka Pinkham Notch hadi kileleni mnapanda takriban mita 1,300, na joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000, bila kuhesabu upepo. Msituni, kwenye kivuli cha misonobari, theluji iliyokanyagwa na wapandaji tangu Desemba imeshindiliwa ikawa barafu, nayo huchelewa kuyeyuka kuliko ile laini ya kandokando. Kinachobaki ni tuta katikati ya njia, jembamba kama ubao wa benchi, linaloteleza kama sabuni. Ukikosea hatua, mguu unazama hadi pajani. Mimi nilizama hivyo mwaka juzi, kiatu kikanasa kati ya mawe mawili, na wenzangu wakawa wananifukua kwa mikono huku nikisikia maji yakipita ndani ya soksi. Kila mtu awe na fimbo mbili na yale meno ya chuma yanayokaa chini ya soli, yakishikiliwa na mpira unaovalishwa juu ya kiatu.

Tena, sehemu ya juu ya Tuckerman, pale kwenye ukuta wa bonde, kwa kawaida hufungwa majira haya, kwa sababu theluji hupasuka nyufa na maji huila kwa chini hadi ikabaki ganda tupu. Njia ya Lion Head hulikwepa eneo hilo.

Mama Lewiston
Naunga mkono maneno ya Mzee, ila hakutaja vijito. Jua likipiga mchana theluji huyeyuka kwa kasi, hivyo kijito mlichokiruka asubuhi kwa hatua moja mnaweza kukikuta alasiri kimefika magotini. Ondokeni alfajiri. Penye tope, piteni katikati hata kama viatu vitachafuka, maana kila anayelikwepa huua mimea ya pembeni na kuipanua njia. Jirani zetu wa Vermont huwaomba watu wasizitumie kabisa njia za juu hadi wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya mwishoni mwa Mei. Na mniwie radhi, Kilimanjaro hakikuwafundisha haya: kule mlikuwa na waongozaji na wapagazi, na siku nyingi mlikanyaga vumbi na mawe.

Mkazi wa Manchester
Nimewaelewa, na wenzangu nimewasomea. Tutaanza na Mlima Monadnock, mita 965, na Washington tutauacha hadi katikati ya Juni. Je, meno hayo huuzwa kwa saizi ya kiatu?

Mzee wa Conway
Ndiyo, lakini nenda dukani na viatu utakavyopandia, uyajaribu juu yake. Mpira ukilegea, huchomoka kwenye tope na hutayaona tena.