Wauza njia za baiskeli msitu wa Sherwood, mmetupiga changa la macho

Wakuu, kwema?

Huu uzi ni wa hasira, mtanisamehe lugha. Unawahusu zaidi mliopo huku Uingereza, Nottingham, Leicester, Derby na Sheffield, mnaoendesha baiskeli za mbio, zile za tairi nyembamba. Someni kabla hamjatoa hela yenu. Mliopo nyumbani mnaodhani huku kila kitu kimenyooka, karibuni pia.

Kuna jamaa wana tovuti ya kuuza njia. Unalipa, unapewa faili la kuingiza kwenye kompyuta ya baiskeli, kile kidude cha kwenye usukani kinachokuonyesha njia, pamoja na kijitabu chenye picha ya Major Oak, ule mwaloni mkongwe wa Sherwood unaokadiriwa kuwa na miaka 800 hadi 1,000. Jina la tovuti silitaji, sina hela ya wakili. Tangazo lao linasema hivi: mzunguko wa msitu wa Robin Hood na vijiji vyake, lami mwanzo mwisho, unafaa baiskeli ya barabarani. LAMI MWANZO MWISHO. Hayo maneno wameyaandika kwa herufi nene.

Nikalipa. Nikamwita na shemeji yangu kutoka Leicester, ambaye ndiyo kwanza kanunua baiskeli ya kaboni kwa mkopo na anaifuta kwa kitambaa cha miwani.

Tukaanzia Edwinstowe, kile kijiji ambacho hadithi inasema Robin Hood, yule jambazi wa msituni aliyeibia matajiri akawapa maskini, na mpenzi wake Marian walifunga ndoa kwenye kanisa lake la St Mary. Pazuri, sina neno. Hatujatoka nje ya kijiji vizuri, mstari kwenye kompyuta ukakata kuingia msituni. Lami ikaisha, ikaja changarawe, kisha mchanga. Nasema mchanga kabisa, kama wa Kigamboni. Tairi zetu upana wake ni milimita 25 na tulikuwa tumezijaza upepo mpaka mwisho. Gurudumu la mbele la shemeji likazama, usukani ukageuka wenyewe, na yeye akapita juu yake akatua kwa kiwiko. Nilipomwinua, mchanga ulikuwa umeshaingia kwenye cheni na kila akikanyaga pedali unasikia meno ya gia yanasaga krrr, krrr. Mkopo haujalipwa hata nusu.

Mama mmoja aliyekuwa juu ya farasi akasimama kutupa pole. Akatuambia ile ni njia ya farasi, baiskeli zinaruhusiwa kupita tangu sheria ya 1968 ila tuwapishe watembea kwa miguu na wenye farasi. Akatazama tairi zetu, akauliza kwa adabu ile ya Kiingereza kama tulikuwa tumepotea. Hatukupotea mama, tumelipia.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Ule mchanga si ajali ya hali ya hewa wala si siri. Chini ya Sherwood kuna mwamba wa mchanga, na udongo wake ni mwepesi, hauna rutuba. Ndiyo maana enzi za kati wafalme waliuweka kuwa eneo la kuwinda, na ndiyo maana mpaka leo kuna mialoni, mibetula na nyika badala ya mashamba ya ngano kila mahali. Mtu yeyote aliyepita pale mara moja, hata kwa miguu, anajua kwamba ukitoka kwenye lami utakuta mchanga. Kwa hiyo aliyeandika "lami mwanzo mwisho" hajawahi kukanyaga hapo. Amekaa sebuleni, programu imemchorea mstari, yeye akabandika bei.

Na najua ilivyotokea, maana nafanya kazi za ramani. Programu nyingi za kuchora njia zinapendelea mtandao wa kitaifa wa njia za baiskeli, ile yenye vibao vya bluu na namba. Njia namba 6 inapita Sherwood kuelekea Worksop. Kwa familia yenye baiskeli za tairi nene na watoto, ni njia nzuri mno, naisifu. Lakini vipande vingi vya njia za msituni kwenye ramani havijaandikwa kama ni lami au vumbi, na pasipoandikwa kitu programu inakisia. Kazi ya binadamu anayepokea hela ni kwenda kuhakikisha. Ndicho tunachomlipia. Mstari wa bure hata mimi naweza kuuchora nikiwa kitandani.

Tulipotoka kwenye mchanga, faili likatutupa kwenye barabara ya A614. Wanaoijua washaanza kucheka. Ni barabara ya malori, na Jumamosi mchana kila gari la Midlands, yaani mikoa hii ya kati, linaelekea kwenye mabustani ya kule. Kanuni za barabara zilibadilishwa Januari 2022, zinamtaka dereva akikupita aache walau mita moja na nusu kama mwendo wake ni hadi maili 30 kwa saa, na zaidi akiwa anakwenda kasi. Wewe jaribu kumsomea hiyo kanuni dereva wa lori la mchanga anayekupita hapo! Kuna mmoja upepo wake ulinisogeza mpaka majanini. Tulipofika kipilefti cha Ollerton tukashuka, tukasukuma baiskeli pembeni kama wauza maji. Wenzetu wa Tabora wanajua picha hiyo.

Halafu Rufford. Mliopo TikTok mnaikumbuka, pale barabara inapopita ndani ya maji na watu walikuwa wanajazana kurekodi magari yakizama injini. Hiyo barabara ilifungwa kwa magari Desemba 2022 kwa sababu ya vurugu hizo hizo. Kijitabu cha jamaa hakina neno hata moja juu ya maji, wala kufungwa, wala ute unaokuwa chini ya maji ya namna hiyo. Kompyuta inalia tu: endelea moja kwa moja. Shemeji akaniambia, "Kaka, mimi kuogelea sijui."

Nikiri kitu kimoja, upande wa mashariki ni raha. Wellow na ule mlingoti wao mrefu katikati ya kijiji, kisha Laxton, ambako bado wanalima kwa mtindo wa zamani wa mashamba makubwa ya wazi yaliyogawanywa vipande vipande, kila mkulima na vipande vyake. Huko udongo ni mfinyanzi mwekundu, vilima vya kupanda na kushuka taratibu, magari machache. Kama wangeuza kipande hicho peke yake nisingefungua mdomo.

Ila hata hapo hawajui wanachouza. Faili linasema "msimu bora: vuli". Vuli gani? Wakulima wengi huku wanajizuia kukata ua za miti zinazozunguka mashamba kuanzia Machi mpaka mwisho wa Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga. Ikifika Septemba wanaingia na trekta lenye mashine ya kufyeka, na zile ua ni za miti ya miiba. Miiba yote inamwagika barabarani. Mimi pancha, shemeji pancha, nabandua mwiba mmoja naona mwingine umejificha pembeni yake, umekatika ndani ya mpira, huuoni mpaka upitishe kidole, na ukipitisha kidole unakutoboa. Tyubu za akiba zikaisha, tukabaki na viraka na mate. Mwendesha baiskeli wa kule angekwambia mapema: vuli weka tairi ngumu au subiri. Hawa wameandika "furahia rangi za majani".

Kituko cha mwisho. Kutoka Bilsthorpe wakatuingiza kwenye ile njia ya zamani ya reli inayokwenda Southwell, kilomita 12 hivi. Reli ilishang'olewa, imebaki njia ya kutembelea mbwa na watoto. Kuna tope, kokoto na mbwa waliofunguliwa kamba. Lami yenu iko wapi jamani?

Nikawaandikia. Nilituma picha za cheni, za kiwiko, za mchanga, na picha ya tangazo lao wenyewe. Wakanijibu kwa heshima kubwa kwamba njia zao zinachorwa kwa teknolojia ya kisasa, kwamba msitu ni msitu, na kwamba kwa kuwajali wateja wananipa punguzo nikinunua njia nyingine. Yaani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nimefungua nikakuta paka, halafu ananiambia njoo nikuuzie gunia la pili kwa bei poa!

Na asije mtu hapa kunambia Sherwood hakufai tairi nyembamba. Mashindano ya baiskeli ya Tour of Britain yalikuwa na hatua iliyoanzia Mansfield, mji wa jirani na msitu, 2017, nyingine ikamalizikia Mansfield 2018, na tena Septemba 8, 2022, siku ile ile Malkia Elizabeth aliyofariki, mashindano yakakatishwa hapo hapo. Wale hawakupita kwenye mchanga na kaboni zao. Lami ipo tele, ukimuuliza anayeijua.

Kwa faida ya wengine, bila senti tano: anzia Edwinstowe Jumapili kabla ya saa mbili asubuhi, panda B6034 kuelekea Budby huku msitu uko pembeni, nenda Carburton, ingia Clumber Park. Gari linalipia maegesho, baiskeli hailipi. Ndani kuna barabara ya Lime Tree Avenue, maili mbili za lami kati ya miti 1,296 ya mlinde iliyopandwa karne ya 19. Punguza mwendo kwenye matuta. Ukitoka rudi Carburton, chukua ile barabara ndogo ya Norton mpaka Cuckney kando ya mashamba ya Welbeck, malizia kwa mapango ya Creswell Crags. Unaona msitu, unapita kwenye ardhi iliyokuwa ya madyuki, wale makabaila wa Kiingereza, cheni haisagi mchanga. Geukia hapo hapo urudi ulikotoka, usijaribu kufupisha kupitia msituni hata kompyuta ikubembeleze.

Mwenye mzunguko wa Laxton hadi Newark aliouendesha mwenyewe, kwa tairi nyembamba, auweke hapa chini. Na aseme alipita mwezi gani.

Nyie wauza njia, najua mnatafsiri na kusoma, maana mlishajibu malalamiko ya Wapolandi kwa Kipolandi. Sitaki punguzo. Rudisheni hela kamili pamoja na bei ya cheni ya shemeji, risiti mnayo kwenye barua pepe.