Naomba ushauri: nataka kupamba nyumba za watu kwa malipo, nitoze vipi?

Habari zenu wapendwa. Naishi Umoja, Nairobi, na majirani wamezoea kuniita niwapangie sebule: kochi likae wapi, pazia la rangi gani, zulia la ukubwa gani. Malipo yangu huwa chai na mandazi. Sasa nataka iwe kazi.

Bidhaa hazinisumbui. Mapazia ya mitumba nayapata Gikomba, mapya na mazulia Eastleigh, vikapu vya mkonge Kariokor, viti kwa mafundi wa Ngong Road. Jina la biashara nitasajili eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, hilo dogo.

Shida ni bei. Nikitoza ada ya ushauri peke yake, mteja atachukua mpango wangu aende Gikomba mwenyewe. Nikificha faida ndani ya bei ya pazia, siku akijua bei ya soko ataniona tapeli. Mlio kwenye kazi hii, mnatoza kwa chumba, kwa siku, au asilimia ya manunuzi? Na mnaitisha malipo ya awali kiasi gani kabla ya kugusa chochote?

Halafu wateja wangu karibu wote ni wapangaji, na landlodi hataki kusikia msumari ukutani. Mnatundika picha na fimbo za pazia kwa kutumia nini? Gundi naona inabandua rangi, kisha dipoziti ya mtu inaliwa.

Kuna anayenishauri niwaendee wenye nyumba za wageni wa siku chache kule Kilimani. Wanalipa kwa wakati kweli, ama ni maneno tu?