Nina nafasi ya albamu moja: Sikinde, Simba Wanyika au Super Mazembe?

Nyasaka
Habari za jioni wadau. Siku hizi simu yangu haipigi kingine ila albamu tatu za dansi la zamani, zinajirudia tangu alfajiri mpaka nalala: "Sikinde" ya Mlimani Park (bendi yenyewe nayo huitwa Sikinde), "Pepea" ya Simba Wanyika na "Kaivaska" ya Super Mazembe. Nimepata mtu anayeziuza zote tatu, zenyewe halisi, si za kupakua. Mfuko unaruhusu moja tu, na amekubali kunishikia mpaka Jumamosi. Ninyi mngechukua ipi? Mkitaja, semeni na sababu.

Mzee Chemko
Sikinde, ngoma ya ukae. Sikiliza wanavyoanza taratibu, mwimbaji anakusimulia kisa chake mpaka unakielewa, halafu midomo ya bata, yaani saksafoni, inaingia na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea, linashika. Bendi gani nyingine ilikuwa na Gurumo, Bitchuka na Cosmas Chidumule kwenye jukwaa moja, na King Enock nyuma yao akipanga muziki? Chukua hiyo.

Binti Chumbageni
Nyasaka, swali lako lina mashimo. "Pepea" ya 1992 ninayoijua mimi ni CD. "Sikinde" ya Africassette ya 1994 nayo ni CD. "Kaivaska" ilitolewa na Virgin ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo hiyo bila shaka ni santuri. Una mashine ya kupigia nini? Bei ni zipi? Hali ya hivyo vitu ikoje? Unajinunulia mwenyewe au unampelekea mtu? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakutajia bendi ya moyo wake tu.

Dogo Manzese
Anko, 2012 Jagwa Music walitoa "Bongo Hotheads". Ngoma, kinanda kidogo cha betri na spika za honi, basi, na uswahilini hakuna aliyebaki amekaa. Mimi ndiyo inayojirudia sasa hivi, hiyo pamoja na "Sounds of Sisso" ya singeli, ya 2017. Zilipendwa nazipenda, ila mkisema muziki mzuri uliishia miaka ya 80 mnatuonea.

Mzee Chemko
Kijana, hakuna aliyesema hivyo. Mtu ametaja tatu, tuzungumze hizo tatu.

Kisauni
Simba Wanyika, kaka, wala usisumbuke. Lile gita la solo la ndugu Kinyonga likianza, hata asiyejua Kiswahili husimama. Hawana haraka. Wimbo unakwenda dakika nane, tisa, na rhythm haichoki wala haipandi juu ya mwimbaji. Ndugu wale walitulea sisi watu wa pwani. Muziki wetu Wakenya huo.

Binti Chumbageni
Wetu Wakenya? Kisauni, hapo tusikilizane. Wilson na George Peter Kinyonga ni watoto wa Tanga. Walianzia Jamhuri Jazz huku huku, wakapita Arusha, ndipo wakaingia Nairobi na kuunda Simba Wanyika mwaka 1971. Tanga iliwatoa, Nairobi ikawarekodi. Ukiyasikiliza yale magita ya Jamhuri na ya Atomic Jazz, bendi nyingine ya Tanga, utaisikia Simba Wanyika kabla haijazaliwa.

Kisauni
Sikatai kuwa walizaliwa Tanga, dada yangu. Nasema waliishi huku, walirekodi huku, na mashabiki waliowalisha miaka yote ile walikuwa huku. Tena Les Wanyika waliojitenga nao 1978 walipigia huku huku, na "Sina Makosa" imetoka Nairobi. Bendi ni ya wale waliojaza ukumbi.

Sauti ya Ilala
Kwa hesabu hiyo bendi ya Maquis nao ni wa Dar, maana walitoka Lubumbashi wakatufanya tuhame vitanda.

Nije kwa Mzee Chemko sasa. Unamtaja Gurumo kama mali ya Sikinde. Gurumo alikuwa NUTA Jazz toka 1964, bendi ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma, baba ya muziki. Mlimani alikwenda 1978, na 1985 akaondoka kwenda bendi ya OSS Ndekule. Mwishowe alirudi Msondo na hapo ndipo alipostaafia. Mwenye mji ni nani?

Mzee Chemko
Sauti ya Ilala, tumelijadili hili mara nyingi na bado nasema lile lile. Nyimbo ambazo watu wanamkumbuka nazo wakilia ni za Mlimani. Ile sauti nzito ya Gurumo chini, Bitchuka anapanda juu yake, haikupatikana vile mahali pengine popote.

Sauti ya Ilala
Na TX Moshi William, mwimbaji wetu wa Msondo, je? Sikinde walikuwa na nani wa kumweka mbele yake?

Nyasaka
Samahanini, nilikuwa kazini. Namjibu Binti Chumbageni kwanza. Ni kweli, Sikinde na Pepea ni CD, Kaivaska ni santuri kubwa na jalada lake. Santuri ni ghali karibu mara mbili ya CD moja. Mimi niko Nairobi, ila zawadi ni ya mzee wangu Mwanza anayestaafu mwezi ujao. Mzee ana redio kubwa ya zamani yenye kanda na CD. Gramafoni hana, nilikuwa nafikiria kumnunulia zile za sanduku.

Binti Chumbageni
Ungeanza na hayo! Mzee ana mashine ya CD, hana gramafoni. Kaivaska itoke. Huwezi kumpelekea mtu santuri ya kutundika ukutani. Na zile gramafoni za sanduku za bei ya chini tafadhali ziache. Mkono wake unakandamiza, na sindano zake nyingi ni za hovyo. Santuri ya miaka arobaini itaisha utamu kwa kupigwa mara chache tu.

Fundi Redio
Si zote, dada. Ninazitengeneza kila siku. Ikibadilishwa sindano na ikakaa mahali tambarare inapiga vizuri. Kinachoua santuri ni vumbi na jua kuliko mkono wa mashine. Nyasaka akitaka kuinunua, aiinue kwenye mwanga aangalie mikwaruzo, kisha ailaze juu ya kioo. Ikibonyea upande mmoja, airudishe.

Mwana Lubum
Jambo kwenu. Naona mnaitoa Mazembe haraka hivyo, na hakuna aliyeizungumzia. Longwa Didos aliianza bendi ile kwetu Kongo ikiitwa Super Vox, wakaenda Zambia, wakafika Nairobi 1974. Sikilizeni kazi ya gita katika "Kasongo": magita matatu yanaongea, kila moja lina njia yake na hayagongani. Hakuna bendi ya Dar iliyopanga magita hivyo wakati ule. Mzee wa Mwanza aliyekuwa kijana mwaka 1980 atakuwa aliicheza. Mwulizeni.

Kisauni
Na "Shauri Yako" nayo ni yao, wimbo wa kila harusi hapa.

Mwana Lubum
Hapo namtetea mwenye haki yake. "Shauri Yako" ni utunzi wa Nguashi Ntimbo, aliuimba na Festival du Zaïre. Mazembe waliurudia, na wao ndio wengi wanaowajua. Nguashi hatajwi, na inaniuma.

Mama Rukia
Mwanangu Nyasaka, kabla ya bendi, hakikisha unachonunua. Naandika kwa kirefu ili usiuziwe kama nilivyouziwa.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa dansi. Alipotimiza miaka sitini nilitaka nimpe CD ya Mlimani Park, kwa kuwa kanda zake zilikuwa zimeliwa na redio. Nikaingia duka moja mjini, duka kubwa lenye viyoyozi, wala si meza ya barabarani. Kijana akanionyesha CD ndani ya kasha lake, jalada la rangi, limefungwa nailoni. Nikauliza, hii ni halisi? Akaniapia. Nikalipa bei ya halisi.

Usiku wa sherehe tukaiweka mbele ya wageni. Wimbo wa kwanza ukaanza vizuri, na katikati, pale pale Bitchuka anapopandisha, ikaingia sauti ya mtu anapaza jina lake na namba ya simu. Kumbe nyimbo zilichukuliwa kwenye mchanganyiko wa DJ. Wa pili ulikuwa wa Vijana Jazz, Hemedi Maneti anaimba, na jalada limeandika Mlimani. Wa nne ulikatika chemko linaanza. Mume wangu alijua kila wimbo ni wa nani, akawa anawatajia wageni majina sahihi mmoja mmoja, kwa upole, nisifedheheke. Niliporudi dukani wakaniambia kitu kilichofunguliwa hakirudishwi.

Tangu hapo nageuza CD kabla ya kulipa. Iliyochapwa kiwandani huwa ya fedha upande wa chini. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina rangi ya buluu, kijani au zambarau. Karibu na tundu la katikati, ya kiwandani ina herufi na namba zilizochorwa ndani ya plastiki. Na muombe muuzaji aipige mbele yako, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Akikataa, ondoka.

Nyasaka
Asante sana mama, na pole. Nitaigeuza kweli. Anayeniuzia ana mashine pale pale.

Mzee Chemko
Shikamoo Mama Rukia. Umenigusa. Tatizo lenyewe limeanzia mbali. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, bendi nzima inapiga kwa pamoja chumba kimoja, na nyimbo zikabaki kwenye kanda za redio. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho kinachofanya kazi, za kuuzwa zilichapwa Kenya. Kwa hiyo tulizisikia kila siku hewani na dukani hazipo. Wajanja wakajaza pengo. Ndiyo maana ile CD ya 1994 ina thamani kwangu, imetoka kwenye zile rekodi za redio na imesafishwa kwa heshima.

Binti Chumbageni
Hapo nakubaliana na wewe. Ila kama ni hivyo, Nyasaka, kuna ya nne: "Zanzibara 7" ya Buda Musique, imewaweka Sikinde na Ndekule pamoja, 1984 hadi 1987. Mzee atapata Mlimani na wale waliohama, na ugomvi wa Sauti ya Ilala utakwisha.

Sauti ya Ilala
Hautakwisha, Msondo hawamo.

Kisauni
Mbona hakuna aliyemtaja Mbaraka Mwinshehe? Alipata ajali huku kwetu Mombasa Januari 1979 na wazee bado wanaonyesha walikokuwa siku ile habari ilipotangazwa. Albamu za "Ukumbusho" zimejaa kazi zake. Mzee anayestaafu leo alikuwa shuleni "Shida" ikipigwa kila redio.

Sauti ya Ilala
Mbaraka alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Japani, Expo 70 pale Osaka. Mpiga solo anayeimba mwenyewe, tena anayetunga. Hapo hata Msondo nainamisha kichwa.

Mzee Chemko
Na Marijani Rajab, Jabali la Muziki? "Zuwena" je?

Dogo Manzese
Mimi "Zuwena" niliijua kwa bibi, naipenda kwa sababu kisa chake unaweza kukitazama kama picha. Lakini Nyasaka, mzee wako mwenyewe anapenda nini? Hujasema. Huenda anapenda taarab.

Nyasaka
Anapenda dansi, hilo nina hakika. Bendi hasa sijui. Nikiwa mdogo aliimba sana "Neema" ya Mlimani akinyoa ndevu, lakini pia kanda ya Simba Wanyika ilikuwa haitoki garini. Mimi mwenyewe moyo uko Pepea. Nimejua George alifariki mwaka ule ule wa 1992 na Wilson akafuata 1995, na kila nikiisikiliza najua ni ya mwisho mwisho.

Mzee Chemko
Aliimba "Neema" akinyoa ndevu! Umejibiwa. Nenda na Sikinde.

Kisauni
Kanda haikutoka garini, Mzee Chemko. Mtu huendesha saa ngapi, na hunyoa dakika ngapi? Wanyika hao.

Mwana Lubum
Mpigie simu mama yako, yeye anajua kuliko sisi wote hapa.

Nyasaka
Nitampigia leo. Nimekwenda pia kuuliza Kenyatta Market kwenye vibanda vya santuri, wakaniambia Kaivaska kwa bei ile nisiiache hata kama ni ya kwangu mwenyewe. Sasa nimezidi kuchanganyikiwa.

Fundi Redio
Ukiinunua niletee gramafoni yoyote nikuwekee sindano nzuri.

Mchezaji wa Safari
Habari wadau, nimeusoma uzi wote. Naomba kuingiza langu: natafuta "Bado Kidogo" ya Patrick Balisidya na Afro 70, ile aliyorekodi na Archimedes wa Sweden. Kuna aliyeiona ikiuzwa, Dar au Nairobi?

Sauti ya Ilala
Balisidya! Hiyo fungulia uzi wake, tutakesha. Yangu niliazimisha mtu wa Magomeni na hajarudisha. Una bajeti gani, na unataka santuri au CD?