Rojo la kahawia na ncha zilizoungua: niendelee na tangi hili au nianze upya?

Mfuga Matumbawe

Wenzangu, salaam. Ninafuga matumbawe nyumbani katika tangi la lita 200 ambalo sasa limepita mwaka mmoja. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri: matumbawe laini yalichanua, miamba ikashika rangi ya zambarau, na samaki wawili wa aina ya Amphiprion ocellaris wakazoea haraka kula mbele ya watu. Tangu nilipoongeza matumbawe magumu yenye matawi, hali imekuwa ya kupanda na kushuka. Ncha za Acropora, ambayo ni mojawapo ya matumbawe hayo, zimekuwa nyeupe kana kwamba zimeguswa na moto, na juu ya mchanga na miamba kumetanda rojo la kahawia lenye nyuzinyuzi, ambalo kila uzi umebeba kipovu cha hewa nchani. Usiku hupungua, lakini taa zikikaa saa chache hurudi lote. Nikilinyonya kwa mpira leo, kesho lipo palepale, na konokono wanaokula mwani wanakufa mmoja baada ya mwingine.

Vipimo vyangu ni hivi: chumvi sehemu 35 kwa elfu, joto nyuzi 26, kalsiamu miligramu 430 kwa lita, magnesiamu 1300, nitrati sifuri na fosfati sifuri. Alkali hucheza kati ya 7.5 na 11 dKH (digrii za ugumu wa kaboneti), kwa kuwa dozi yake naitia mara moja kwa wiki. Nimeweka chembechembe za kunyonya fosfati, na kila wiki nabadilisha sehemu ya maji.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, inakuwaje tangi lisilo na uchafu wowote kwenye vipimo liharibike namna hii? Pili, je, si afadhali nitoe miamba yote, niichemshe na kuanza upya?

Darubini Mezani

Ndugu, kwa maelezo yako nashuku dinoflajelati (viumbe wadogo mno wa seli moja), si mwani wa kawaida wala sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea). Sianobakteria hutandaza utando, mara nyingi mwekundu uliokoza, unaobanduka kwa vipande vipana. Diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika, hufanana na vumbi la kahawia na kwa kawaida hupita zenyewe tangi likiwa bado changa. Rojo lako lina nyuzi, lina vipovu, na linaua konokono. Hata hivyo, hakikisha kabla ya kutibu. Chota kidogo, tia katika chupa yenye maji ya tangi, tikisa kwa nguvu mpaka lisambaratike, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha yaache maji yaliyopita chini ya taa kwa muda wa saa moja. Chembe zikijikusanya upya na kuwa nyuzi, basi ni dinoflajelati.

Kuhusu swali lako la kwanza, sifuri hizo mbili ndizo ninazozilaumu. Nitrati na fosfati zikiisha kabisa, bakteria na mwani wa kawaida wanaoshindania nafasi juu ya mwamba hudhoofika kwa njaa, ilhali dinoflajelati wengi huweza kujikimu kwa mwanga na pia kwa kumeza viumbe wadogo kuliko wao. Kila unaposafisha zaidi unawaondolea washindani, na ndiyo maana juhudi zako zinaonekana kuzaa kinyume chake. Toa chembechembe za kunyonya fosfati leo hii, simamisha kubadilisha maji kwa sasa, na pandisha nitrati polepole hadi kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfati hadi kati ya 0.05 na 0.1. Nitrati hupandishwa kwa mmumunyo wa nitrati ya sodiamu, na fosfati kwa mmumunyo wa fosfati ya sodiamu. Usishangae fosfati uliyoitia jioni ikisomeka sifuri asubuhi, kwani miamba ya kalsiamu kaboneti huinyonya kwanza, na mpaka ishibe hutaona kitu kwenye kipimo. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye kusafisha.

Jambo la pili ni kutafuta darubini ya kukuza mara 400. Hata ya wanafunzi inatosha. Ukiona viumbe wenye umbo la yai lililochongoka upande mmoja, wakizunguka mahali pamoja kana kwamba wamefungwa kwa kamba, hao ni Ostreopsis. Wakiwa wanateleza huku na huku bila kufungwa popote, huenda ni Amphidinium. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu: Ostreopsis huachia mwamba usiku na kuelea majini, kwa hiyo taa ya mionzi ya urujuanimno inayovuta maji moja kwa moja kutoka katika tangi lenyewe huwaua kwa wingi, hasa ikisaidiwa na giza la siku 3. Amphidinium hubaki mchangani, na taa hiyo haiwasumbui sana. Kwao wafugaji wengi hutia silikati ili diatomu zistawi na kuwabana. Kwa hali yoyote weka kaboni tendaji (mkaa wa kunyonya sumu majini), maana sumu yao ndiyo inayokumalizia konokono.

Alkali Kwanza

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu dinoflajelati, ila ncha nyeupe za Acropora zina kisa chao, na sipendi zisahaulike. Alkali inayoruka kutoka 7.5 hadi 11 kila wiki ni mateso kwa tumbawe lolote lenye matawi, na katika maji yasiyo na nitrati wala fosfati madhara huzidi. Inavyoelezwa mara nyingi, alkali nyingi husukuma mifupa ikue haraka, na nyama iliyokosa chakula hushindwa kuifuata, ndiyo maana ncha, ambako ukuaji ni wa kasi, hubaki wazi kwanza.

Labda unajiuliza mbona kalsiamu imetulia. Tumbawe linapojenga mfupa, kila 2.8 dKH ya alkali inayotumika huondoka na takriban miligramu 20 tu za kalsiamu kwa lita. Mruko wako wote wa 3.5 dKH ni sawa na miligramu 25 kati ya 430, yaani tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani haviioni vizuri. Kwa hiyo anayefuga matumbawe magumu na kupima kalsiamu kila siku huku alkali akiipima akikumbuka, anapima kisichomwambia kitu.

Acha dozi kwa siku moja, pima alkali, na pima tena baada ya saa 24, saa ileile. Tofauti hiyo ndiyo mahitaji ya tangi lako kwa siku, na hiyo ndiyo ya kurudisha kila siku kwa vipande vidogo, ikiwezekana kwa pampu ya dozi. Lenga 8, na usiisogeze kwa zaidi ya dKH moja kwa siku hata ukiwa na haraka kiasi gani. Urudie upimaji huo mara kwa mara, kwani matumbawe yakikua matumizi nayo hukua. Ukipata nafasi, hakiki refraktometa yako (chombo cha kupimia chumvi) kwa mmumunyo wa sehemu 35 kwa elfu badala ya maji safi, maana chombo kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kikakosea pale unapokihitaji.

Giza la siku 3 ndilo ninalolitilia shaka. Kwa matumbawe laini sina neno, lakini Acropora zilizokwisha kuungua hutegemea mwani wanaoishi ndani ya nyama yake kwa sehemu kubwa ya chakula, nami nisingezinyima mwanga kabla nitrati haijaonekana kwenye kipimo.

Mfuga Matumbawe

Nawashukuru sana. Nimeazima darubini, na viumbe nilivyoviona vinazunguka mahali pamoja, kila kimoja na uzi wake. Bila shaka ni Ostreopsis. Chembechembe za fosfati nimekwisha kuzitoa, na giza nitaliahirisha kama mlivyoshauri. Hata hivyo bado navutiwa na wazo la kuchemsha miamba, kwa kuwa mingine pia imefunikwa na Palythoa za kahawia (jamaa za anemoni zinazoota kwa makundi) zinazoenea kila mahali, na ningemaliza matatizo yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Glavu Mkononi

Ndugu yangu, tafadhali usichemshe mwamba wowote ulioota Palythoa. Baadhi ya Palythoa na jamaa zake hubeba palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971 na ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe vya baharini. Joto la jikoni haliiharibu upesi, na mvuke unaweza kuibeba hadi mapafuni mwa kila aliyemo ndani ya nyumba. Matukio ya watu kuugua kwa kuvuta mvuke wa namna hii yamechunguzwa na idara za afya. Huko Alaska yalitokea kati ya mwaka 2012 na 2014, katika maduka ya samaki wa mapambo na majumbani. Dalili ni kikohozi, homa, kupumua kwa shida na maumivu ya misuli, na mgonjwa anayedhani ni mafua huchelewa kumwambia daktari kwamba alikuwa akishughulika na matumbawe. Usizikwangue kwa brashi mwamba ukiwa mkavu, wala usizimwagie maji ya moto. Toa mwamba mzima, uweke katika ndoo ya maji ya tangi, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na kama una mchubuko mkononi iache kazi hiyo mpaka upone. Ostreopsis nao hutengeneza sumu za ukoo huohuo, kwa hiyo unaponyonya rojo kwa mpira usianzishe mvuto kwa mdomo.

Hata pasipo hatari hiyo, kuanza upya kusingekusaidia. Mwamba uliochemshwa hauna bakteria, hauna mwani, wala hauna wadudu wadogo wa kuwala dinoflajelati. Ni uwanja mtupu, na Ostreopsis wachache waliobaki kwenye mpira wa pampu wangeukuta bila mpinzani. Afadhali uombe kwa mfugaji mwenzako kipande cha mwamba hai kutoka katika tangi lililokomaa, pamoja na konzi moja ya mchanga wake, uvitie baada ya nitrati kupanda. Kagua kwanza kama kipande hicho hakina anemoni waharibifu wa Aiptasia, maana hao ni kesi nyingine.

Kwa sasa usinunue tumbawe jipya. Taa ya urujuanimno iwake hasa usiku, alkali ipimwe kila siku saa ileile, na Acropora zenye ncha nyeupe ziache mahali zilipo. Kuzihamishahamisha huku ukitafuta mwanga bora ni kuziongezea mzigo. Nyama ikianza kufunika ncha tena, utaiona kwanza kama ukingo mwembamba uliopauka unaopanda kutoka chini ya sehemu iliyo wazi. Ikiwa badala yake nyama inabanduka kuanzia kwenye shina, kata tawi juu kabisa ya mstari wa kubanduka, libandike kwenye kipande kikavu cha mwamba, na utuletee picha hapa siku hiyohiyo.