Tupeane uzoefu: Jumba la sinema la mtaani kwenu liliishia wapi?

Mleta mada (Ilala)

Ndugu zangu, salaam. Naomba tukusanye hapa habari za majumba ya sinema ya zamani kabla wanaoyajua hawajatutoka. Sizungumzii kumbi za siku hizi zilizo ndani ya maduka makubwa. Nasema Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox na Amana za Dar, Majestic na Novelty za Tanga, Plaza ya Moshi, Metropole ya Arusha, Liberty ya Mwanza, na nyingine ambazo ninyi mnazijua kuliko mimi. Tuambie lilikuwa mtaa gani, uliangalia picha gani na nani, na leo pale pana nini.

Nianze mimi. Nimekulia Ilala miaka ya sabini. Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi nguo zinapigwa pasi ya mkaa, mchana watu wanaanza kushuka mjini kwa miguu, wengine kwa basi la UDA. Picha ikiwa ya Kihindi na imesifiwa, ukifika saa tisa unakuta tiketi zimekwisha dirishani lakini zipo mikononi mwa walanguzi, bei mara mbili au zaidi. Waliokuwa na hela kidogo walikaa mbele kabisa, shingo juu. Wenye nazo walipanda balkoni. Ila wimbo ukianza, ukumbi mzima unaimba, mbele na juu, na wengi hatukujua neno moja la Kihindi.

Hilo ndilo linalonifanya nianzishe mada hii. Sijaona tena mahali Dar ambapo kuli wa bandarini, mke wa mwenye duka, mwalimu na kijana wa Magomeni wanakaa chini ya paa moja saa tatu nzima na kulia kwa ajili ya jambo lilelile. Karibuni.

Mtoto wa fundi mashine

Asante kwa mada hii. Baba yangu alikuwa mwendesha mashine katika sinema moja ya katikati ya mji, hapa Dar. Nitaeleza kidogo kazi ile kwa sababu naona hata waliokuwa wakikaa ukumbini hawakujua kilichokuwa kikiendelea nyuma ya kile kidirisha.

Picha haikuja katika mkanda mmoja. Ilikuja katika riili, na riili moja ya futi 2,000 inakwenda dakika kama 20 hivi. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni riili nane au tisa. Kwa hiyo chumbani kulikuwa na mashine mbili. Hii ikionyesha, ile nyingine inavishwa riili inayofuata. Pembeni juu, upande wa kulia wa picha, kinatokea kialama cha duara kwa muda wa kufumba jicho tu. Hicho cha kwanza ni cha kuwasha mota ya mashine ya pili, na cha pili ni cha kubadilisha. Baba alikuwa akibadilisha bila mtu kujua. Akichelewa, pazia linakuwa jeupe na ukumbi wote unapiga mluzi.

Taa yenyewe haikuwa balbu. Ni vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana mpaka umeme unaruka katikati, mwanga wake mkali kama wa kuchomelea vyuma. Vijiti vinaungua na kupungua, kwa hiyo lazima uvisogeze muda wote, vinginevyo picha inafifia. Chumba kile kilikuwa na joto kweli, na moshi wake ulitolewa kwa bomba la bati lililopanda mpaka juu ya paa. Baba alifanya kazi akiwa na singlendi tu, na mezani ana gundi na wembe wa kuunga mkanda uliokatika.

Halafu kulikuwa na vijana wa baiskeli. Mkanda mmoja ulikuwa unaweza kutumika sinema mbili jioni moja. Kwetu tunaanza saa kumi na mbili, wenzetu wanaanza baadaye kidogo, kijana anabeba riili tuliyomaliza anaipeleka mbio. Tairi likipata pancha au mvua ikinyesha, watu wa kule wanakaa gizani wakipiga kelele. Vijana wale hawakuandikwa popote, na bila wao hakuna picha ambayo ingefika mwisho.

Hapo nilipokuwa nikipanda ngazi na chakula cha baba, leo ni stoo ya vitambaa. Sakafu ya mteremko wameijazia zege ikawa sawa. Kidirisha cha mashine bado kipo ukutani, wamekiziba kwa mbao.

Wa Ngamiani

Tanga tulikuwa matajiri wa sinema kwa ukubwa wa mji wetu, na siri yake ni mkonge. Siku za mshahara watu walikuja kutoka mashambani kwa malori. Kwanza dukani, kisha hotelini kwa chai na sambusa, kisha sinema. Mkonge uliposhuka bei na mashamba kufa, nani atajaza viti mia kadhaa kila jioni? Watu wanasema video iliua sinema. Kwetu ukumbi ulianza kuwa mtupu kabla video haijaingia mtaani.

Bint Vuga (sasa Maskati)

Assalaam aleikum. Mie ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Sinema yetu ni Majestic, pale Vuga. Wakubwa zetu waliijua hapo kabla kwa jina la Royal, ukumbi wa miaka ya ishirini, ukaja kuungua moto, na hili jengo tulilolijua sisi limefunguliwa 1955.

Nataka niseme habari za wanawake, maana nikisoma naona kama sinema ilikuwa ya wanaume peke yao. Kwetu palikuwa na onyesho la wanawake tu. Mama, khalati, mabibi, wasichana wa skuli, wote na mabuibui yao, na watoto wachanga mapajani. Ndani, mabuibui yanateremshwa mabegani, pafyumu na asumini zinanukia ukumbi mzima. Hapo ndipo watu walipotazamana posa, habari za harusi zikatolewa, na waliogombana wakapatanishwa. Picha ikisha, kesho yake fundi cherehani anaelezewa mkono wa ile blauzi ulivyokatwa. Na sauti za nyimbo zile tukaja kuzisikia kwenye taarabu, na maneno yake ya Kiswahili.

Bibi yangu alikuwa hatoki nyumbani ila kwa maziko, harusi na sinema. Sinema ilipofungwa, kwake mambo mawili ndiyo yaliyobaki.

Paa la Majestic liliporomoka. Nilipokwenda Unguja nilisimama nje nikaingiwa na uchungu, wallahi. Mji Mkongwe uko katika urithi wa dunia tangu 2000, lakini watu wakisikia urithi wanafikiria milango ya nakshi na majumba ya masultani. Jumba la 1955 nalo ni letu. Nimefurahi kusikia wapo wanaolihangaikia lifufuke liwe ukumbi wa sanaa. Mwenyezi Mungu awape nguvu. Hapa Maskati wazee wa Kizanzibari wakikutana, bado nyimbo za picha zile wanaziimba kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mkaazi wa Ngara

Niongeze ya Nairobi. Hapa sinema nyingi zimekufa lakini majina yamekataa kufa. Ukitaka matatu unaambiwa uende Odeon. Globe ni raundabauti, na watoto wanaopita hapo hawajui ilikuwa sinema. Bellevue kule Mombasa Road ilikuwa drive-in, na mtaa unaoitwa Drive-In karibu na Thika Road umetokana na Fox Drive-In.

Kwa bahati, moja ya kwetu Ngara iliponea. Shan ilikuwa ya picha za Kihindi, na mimi nilipelekwa na shosho wangu, yaani bibi, ambaye hakuwa anaelewa lolote ila alipenda densi. Baadaye shirika la Sarakasi likaichukua, sasa ni Sarakasi Dome: wanasarakasi, wachezaji ngoma, wanamuziki wanafanyia mazoezi na maonyesho pale. Nimeingia nikaona vijana wakiruka pale mbele palipokuwa na pazia. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote. Jengo limebaki na watu, na watu wamebaki na kazi.

Mwinjilisti

Nyingi zimekuwa makanisa, na naona wengine hulisema kwa masikitiko. Mimi nimeabudu katika mojawapo nilipokuwa Kampala. Ile Norman Cinema ya zamani iligeuka kanisa miaka ya themanini, leo linajulikana kama Watoto. Tuelewe kwa nini inatokea. Jengo la sinema halina nguzo katikati, sakafu ina mteremko kila mtu anaona mbele, sauti inafika nyuma, na liko karibu na stendi. Kanisa linalokua haraka halina hela ya kujenga ukumbi kama huo. Tusingeingia sisi, mengi yangekuwa maegesho ya magari.

Mleta mada (Ilala)

Mwinjilisti, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Jengo lenye paa na watu ndani ni bora kuliko gofu. Ninachoomba ni kibao kidogo mlangoni kinachosema hapa palikuwa na nini na tangu lini.

Na Wa Ngamiani amegusa jambo. Kwa Bara, tuangalie mfuatano wake. TFC (Tanzania Film Company), kampuni ya filamu ya serikali iliyoanzishwa 1968, ilishika uingizaji na usambazaji wa picha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, yale ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na sinema kadhaa zikaingia humo. Miaka ya themanini fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo picha mpya haziji, kaboni haziji, vipuri haviji. Mkanda mmoja unazunguka nchi nzima mpaka unajaa mikwaruzo. Wakati huohuo kaseti za video zinaingia. Televisheni za watu binafsi zilipoanza 1994, ukumbi ulikuwa tayari ni mgonjwa. Kwa hiyo mimi siilaumu video peke yake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni, na watu waliendelea kwenda Majestic.

Mgogo wa reli

Kuhusu mikwaruzo ni kweli kabisa. Sisi wa mikoani picha zilitufikia kwa treni, kwenye masanduku ya bati. Zilipotufikia zilikuwa zimeshachoka. Tulikuwa tunasema picha ina mvua. Vipande vingine vilishakatwa na kuungwa, staringi yuko mlimani, ghafla yuko harusini. Tulijazia wenyewe kilichokosekana. Kaka mmoja aliyesoma Dar akirudi likizo anatusimulia kipande ambacho kwetu hakikuwemo, tunamzunguka barazani mpaka usiku.

Msasani

Drive-In ya Dar, iliyofunguliwa 1966, Barabara ya Bagamoyo ya zamani. Waliokuwa na gari waliingia na familia nzima, pilau kwenye sufuria, kispika kinaning'inizwa dirishani. Sisi wa vijiji vya karibu tulikaa nje ya uzio. Picha tuliiona vizuri tu, sauti tukapata kidogo upepo ukija upande wetu. Leo pale ni Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa 1998. Kuta ndefu, walinzi, na huruhusiwi hata kupiga picha. Nikipita na wanangu ninawaonyesha kwa kidole pazia lilisimama upande gani.

Kizazi cha kibanda

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa miaka ya tisini, sinema hizo sikuzikuta. Sisi tulikuwa na kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani: mabenchi ya mbao, televisheni moja, joto, na sauti ya Lufufu akitafsiri picha kwa Kiswahili. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana akina VJ Jingo. Nikiwasoma naona kilichokuwa Avalon kilikuwepo na kwetu kwa kiasi chake, tulishangilia pamoja, tulilia pamoja. Ila dada zangu hawakuruhusiwa kukanyaga kibandani hata siku moja. Nilipomsoma Bint Vuga ndipo nikaona kwamba wasichana wa kizazi changu walikosa kitu ambacho bibi zao walikuwa nacho.

Bint Vuga (sasa Maskati)

Mwanangu, marahaba. Hilo ulilolisema ndilo lililokuwa likinikaa moyoni, nikakosa namna ya kulitamka.

Mtoto wa fundi mashine

Nimemsomea baba uzi huu kwenye simu. Amesema kwenye chumba cha mashine kulikuwa na daftari: jina la picha, idadi ya riili, hali ya mkanda ulivyofika na ulivyoondoka. Lake analo bado, limeliwa na mchwa ukingoni lakini linasomeka. Nitalipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Mleta mada (Ilala)

Tafadhali fanya hivyo, na usimpe mtu daftari lenyewe kabla hujamaliza kupiga picha. Wengine wenye tiketi, mabango, au picha za mlangoni, pigeni pande zote mbili, maana nyuma ya tiketi mara nyingi pana muhuri wa tarehe. Na yeyote wa Mwanza, Tabora, Dodoma, Iringa, Lindi, Mombasa au Pemba ambaye bado yuko kimya, tunamsubiri. Wa Mwanza hasa: mtaa wa Liberty unajulikana, lakini nataka kusikia kutoka kwa aliyeingia ndani.